Kileo na Nuru ya Macho

Mgema akisifiwa, walisema wahenga, tembo hulitia maji. Methali hiyo iliachwa na watu waliozijua vema hila za wauza tembo wa zama zao, nazo hila hizo hazikuzidi maji. Mnywaji alipunjwa, akarudi nyumbani akinung'unika, na kesho yake akaamka mzima. Katika miaka ya karibuni kitu kinachotiwa katika baadhi ya vinywaji vya kificho si maji tena. Mwezi Mei 2014 wagonjwa wapatao 341 walihesabiwa nchini Kenya baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na 100 kati yao walifariki. Mwezi Julai mwaka huohuo walipatikana wengine 126, na 26 wakafariki. Miongoni mwa walionusurika wapo waliotoka hospitalini wakiongozwa kwa mkono, kwa kuwa macho yao hayakuona tena.

Habari za namna hiyo zinapotangazwa, watu hugawanyika. Wako wanaosema kwamba kila pombe hupofusha, ila nyingine huchelewa. Wako wanaojibu kwamba babu zao walikunywa maisha yao yote na waliuona mwezi mwandamo mpaka uzeeni. Kwa hiyo kosa ni la mpishi mmoja mchafu tu. Kila upande umeshika kipande cha ukweli. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kileo kinavyougusa uwezo wa kuona, tangu chupa moja ya bia hadi methanoli, na msomaji ataona kwamba ni mara chache jicho lenyewe kuwa la kwanza kudhurika. Madhara huanzia mbali na jicho, katika ubongo, katika sikio, katika utumbo na katika ini, kisha ndipo yanapojidhihirisha machoni.

Jicho la mlevi

Kile ambacho watu wote hukiita pombe, wanakemia hukiita ethanoli. Ni kimiminika kinachochanganyika na maji kwa urahisi kabisa, na kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili ni maji, ethanoli husambaa kila mahali muda mfupi baada ya kunywewa, ubongo ukiwemo. Dalili inayoonekana upesi na watu wengine, yaani wekundu wa macho, ndiyo yenye uzito mdogo zaidi. Vishipa vidogo vya damu vilivyo juu ya weupe wa jicho hutanuka, na damu nyingi zaidi hupita ndani yake. Wekundu huo hutoweka wenyewe.

Jambo kubwa zaidi halionekani kwa kumtazama mlevi usoni. Ili kulielewa, yafaa kukumbuka kwamba jicho la binadamu haliuoni ulimwengu wote kwa usafi uleule. Nyuma ya jicho lipo tabaka la chembechembe zinazopokea nuru, liitwalo retina, na katikati ya retina pana kidoa kidogo mno ambacho peke yake ndicho kinachoona kwa ukamilifu. Mtu akiunyoosha mkono wake mbele na kuutazama ukucha wa kidole gumba, eneo analoliona barabara kwa wakati mmoja halizidi sana upana wa ukucha huo. Kila kitu kingine hukiona kwa ukungu, ingawa yeye mwenyewe hajui. Asichokijua ni kwamba macho yake hayatulii: hurukaruka kutoka kitu hadi kitu, mara kadhaa katika kila sekunde, na ubongo huziunganisha picha hizo ndogondogo kuwa picha moja kubwa.

Kazi ya kuyaongoza macho hayo inafanywa na misuli 6 katika kila jicho, nayo misuli hiyo huamriwa na ubongo. Sehemu iliyo nyuma ya ubongo, iitwayo serebelamu, ndiyo inayosahihisha miendo yote ya mwili ili iwe laini na sawasawa, na sehemu hiyo ni nyepesi sana kuvurugwa na ethanoli. Mlevi husema kwa kujikwaa na hutembea kwa kuyumba kwa sababu hiyo, na macho yake nayo huyumba kwa sababu hiyohiyo. Ile miruko ya haraka hupungua kasi. Anapokifuata kwa macho kitu kinachopita taratibu mbele yake, macho hayafuati kwa wororo bali huenda kwa kushtukashtuka. Akijaribu kutazama upande wa mbali bila kugeuza kichwa, macho hushindwa kukaa hapo. Huteleza kurudi katikati, yakavutwa tena, yakateleza tena. Mtetemo huo ndio watafiti wa Marekani, Marcelline Burns na Herbert Moskowitz, walioupendekeza mwaka 1977 uwe mojawapo ya vipimo ambavyo polisi wa barabarani wangevitumia kumtambua dereva aliyelewa. Mtu anaweza kujikaza asiyumbe miguu, lakini hawezi kujikaza asitetemeke macho.

Kunywa kukizidi, macho mawili hushindwa kuelekea mahali pamoja. Kila jicho hupeleka ubongoni picha yake, na mnywaji huona taa mbili mahali penye taa moja. Akifumba jicho moja, ile taa ya pili hutoweka. Jaribio hilo dogo linathibitisha kwamba macho yenyewe ni mazima. Kilichoharibika ni mapatano baina yao.

Kuhusu kile kitanda kinachozunguka mlevi anapolala, maelezo yake ni ya ajabu zaidi, nayo yamo sikioni. Katika sikio la ndani kuna vijifereji 3 vilivyojaa umajimaji, na katika kila kimoja kimesimama kikofia laini kama utomvu mzito. Kichwa kikigeuka, umajimaji hukisukuma kikofia, ubongo hupata habari, na macho hugeuzwa upande wa pili ili picha isiyumbe. Kwa kawaida uzito wa kikofia ni sawa na uzito wa umajimaji unaokizunguka, kwa hiyo hakielei wala hakizami. Lakini ethanoli ni nyepesi kuliko maji, nayo huingia upesi katika kikofia, kilicho karibu na vishipa vya damu, kabla haijaingia katika umajimaji. Kikofia huwa chepesi, kikaelea, kikainama. Ubongo hudhani kichwa kinazunguka na kuyazungusha macho ipasavyo. Saa kadhaa baadaye ethanoli huwa imeenea pande zote mbili na kizunguzungu hutulia. Kisha mambo hugeuka: ethanoli hutoka kwanza katika kikofia, kikabaki kizito kuliko umajimaji, na macho huanza kuzunguka upande wa kinyume. Huo ndio uchovu wa alfajiri ambao mnywaji hushangaa kuupata wakati amekwisha kulala na hana tena kilevi cha maana katika damu. Mwaka 1974 watafiti wa Kanada, K. E. Money na W. S. Myles, waliithibitisha nadharia hiyo kwa njia ya werevu: waliwanywesha watu maji mazito, yaani maji yaliyotengenezwa kwa hidrojeni ya uzito maradufu, na macho ya watu hao yakazunguka kinyume cha macho ya aliyekunywa pombe.

Hayo yote hupita, ila hayapiti kwa haraka ambayo watu huidhania. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye ethanoli asilimia 5 ina takriban gramu 20 za ethanoli. Ini la mtu mzima huondoa kiasi cha gramu 7 hadi 10 kwa saa, wala haliongezi mwendo kwa sababu mwenye ini ana haraka. Hivyo chupa moja huhitaji saa 2 hadi 3, na chupa nne huhitaji usiku mzima. Kahawa, supu na maji baridi havibadili hesabu hiyo. Dereva anayeondoka baa saa sita za usiku huendesha akiwa na macho yanayochelewa kuruka, yasiyotofautisha vizuri nguo nyeusi na lami nyeusi, na yanayokawia kupona yanapopigwa na taa za gari linalokuja mbele. Mwenda kwa miguu kando ya barabara hana namna ya kujua hayo.

Sahani iliyo tupu

Mambo huwa tofauti kwa mtu anayekunywa kila siku kwa miaka. Kwake yeye ethanoli hufanya jambo jingine: hukaa mahali pa chakula. Kileo kina nguvu nyingi ya kuuendesha mwili, hata zaidi ya sukari gramu kwa gramu, kwa hiyo huondoa njaa. Lakini nguvu hiyo haina protini, haina madini, na katika vinywaji vya kukenekwa kama gongo haina hata chembe ya vitamini. Hapa pana tofauti ambayo haikumbukwi mara nyingi. Pombe za nafaka zisizochujwa, kama mbege na busaa, hubaki na hamira na sehemu ya nafaka yenyewe, na kwa hiyo huwa na vitamini za aina ya B kidogo. Ukiikeneka pombe hiyo, mvuke huondoka na kilevi peke yake. Vitamini zote hubaki katika machicha ya chungu. Pengine hapa ndipo penye ukweli wa wale wanaowataja babu zao.

Vitamini B1, iitwayo thiamini, huwekwa mwilini kwa akiba ya wiki chache tu, na ethanoli huzuia utumbo kuifyonza hata ile kidogo inayoliwa. Mwaka 1881 daktari Mjerumani Carl Wernicke aliandika habari za wagonjwa 3 walioshindwa kuyageuza macho yao, walioyumba wakitembea, na waliochanganyikiwa akili. Wawili walikuwa walevi. Wa tatu alikuwa mshonaji, mwanamke kijana ambaye hakuwa mlevi. Alikuwa amekunywa asidi ya salfuri iliyoliharibu tumbo lake hata akawa hawezi kukaa na chakula. Miaka mingi ilipita kabla ya madaktari kuielewa maana ya mgonjwa huyo wa tatu. Kilichowaunganisha watatu hao hakikuwa kileo bali njaa ya thiamini. Leo mgonjwa wa namna hiyo hudungwa sindano ya thiamini, na macho yaliyokuwa yamekwama huanza kusogea, aghalabu katika muda wa saa chache. Kumbukumbu, kwa bahati mbaya, haifuati upesi hivyo, na wengine hawairudishi kamwe. Ni muhimu vilevile kwamba mlevi aliyedhoofika asitangulizwe kwa maji ya sukari peke yake, kwa sababu mwili unapoitumia sukari humaliza thiamini iliyosalia.

Upungufu wa vitamini za B huweza pia kuishambulia neva ya jicho, yaani ule mshipa wa fahamu unaochukua habari za kuona kutoka retina hadi ubongoni. Huo una nyuzi zaidi ya milioni moja, na nyuzi zinazohudumia kile kidoa cha katikati ni nyembamba na zina kazi nyingi, kwa hiyo ndizo zinazotangulia kuchoka. Mgonjwa haoni maumivu. Kwa wiki au miezi, katikati ya kila anachokitazama huingia doa la kijivu. Hawezi kusoma gazeti, hutambua watu kwa sauti zao, na rangi nyekundu humpaukia. Hata hivyo pembeni mwa macho anaona, na kwa sababu hiyo anatembea sokoni bila kugonga watu. Jamaa zake humdhania kuwa anajifanya.

Zamani ugonjwa huo ulihesabiwa kuwa matokeo ya sumu ya tumbaku na pombe. Mwaka 1944 daktari wa Marekani, F. D. Carroll, aliwapa wagonjwa wake thiamini na kuwaacha waendelee kuvuta na kunywa kama kawaida yao. Uoni wao ukapata nafuu. Mlevi asije akaisoma habari hiyo kama ruhusa. Maana yake ni kwamba kileo huwa mwizi wa sahani zaidi kuliko kuwa mwuaji wa neva. Na sahani inaweza kuwa tupu bila kileo chochote. Nchini Kuba, kati ya mwaka 1991 na 1993, wakati uchumi ulipoanguka na chakula kikaadimika, zaidi ya watu 50,000 waliugua ugonjwa wa neva, wengi wao wa neva ya jicho, mpaka serikali ikawagawia wananchi wote vidonge vya vitamini. Katika miaka hiyo ya 1990 madaktari wa Dar es Salaam nao walieleza habari za vijana wengi waliopatwa na ugonjwa wa neva za macho yote mawili. Wengi hawakuwa walevi, na lishe ndiyo iliyoshukiwa zaidi. Kwa hiyo daktari anayemwona mgonjwa mwenye doa la katikati hana budi kuuliza anakula nini kabla ya kuuliza anakunywa nini.

Ini na giza la jioni

Ini ndilo ghala la vitamini A, ambayo jicho huitumia kutengeneza rangi maalumu inayopokea nuru hafifu. Ini lililoharibiwa na ulevi wa miaka mingi hushindwa kuhifadhi vitamini hiyo na kuitoa inapohitajika, na mwenye ini hilo hushindwa kuona magharibi ikiingia. Baadhi hawaponi kwa vitamini A peke yake mpaka waongezewe zinki, kwa kuwa kimeng'enya kinachoigeuza vitamini A kuwa katika umbo linalofaa jicho huhitaji madini hayo. Mtu asijitibu kwa kumeza vidonge vingi vya vitamini A kwa kujikisia: vikizidi ni sumu kwa ini, hasa ini la mnywaji.

Mtoto aliye tumboni hana ini la kumtetea kama la mama yake. P. Lemoine na wenzake nchini Ufaransa mwaka 1968, na K. L. Jones na D. W. Smith huko Seattle mwaka 1973, walieleza dalili za watoto waliozaliwa na mama waliokunywa sana wakati wa mimba. Nafasi baina ya kope zao ni fupi, na uchunguzi uliofuata, hasa wa Sweden, ulionyesha kwamba wengi wana neva ya jicho iliyo nyembamba kuliko kawaida. Nyuzi zilizopotea kabla ya kuzaliwa hazioti tena baadaye.

Methanoli

Hadi hapa mambo huenda polepole, na mara nyingi hurekebishika. Methanoli ni habari nyingine.

Methanoli ni ndugu mdogo wa ethanoli. Chembe ya ethanoli ina atomi 2 za kaboni, ya methanoli ina 1. Zote mbili ni kimiminika kisicho na rangi, zote zinawaka, zote zinalevya, na harufu zao hukaribiana hata pua ya kawaida isiweze kuzitenganisha. Zamani methanoli ilipatikana kwa kuzichoma kuni bila hewa, nayo ilinuka vibaya kiasi kwamba hakuna aliyetamani kuinywa. Karibu na mwisho wa karne ya 19 viwanda vya Marekani vilipata njia ya kuisafisha, ikawa haina harufu mbaya, ikauzwa kwa majina ya kuvutia, na watu wakaanza kupofuka. Mwaka 1904 madaktari Casey Wood na Frank Buller walikusanya na kuchapisha habari za wagonjwa wengi wa namna hiyo. Leo methanoli hutengenezwa kwa gesi asilia na hutumika viwandani katika rangi, gundi, viyeyushi na nishati. Ni bidhaa halali na ya bei nafuu, na hapo ndipo tamaa inapoingia.

Yafaa kusahihisha dhana moja. Gongo, chang'aa au waragi iliyopikwa kwa ndizi, mahindi au sukari haina kwa kawaida methanoli ya kutosha kupofusha. Matunda hutoa kidogo, kwa sababu ngozi na nyama zake zina pektini, ambayo ikivunjika huacha methanoli. Pombe hizo zina madhara yake mengine, na uchafu wake ni mwingi. Lakini mikasa inayoua makumi ya watu kwa usiku mmoja, kama ule wa Nairobi mwezi Novemba 2000 uliowaua zaidi ya watu 100, au ule wa Uganda mwezi Aprili 2010, kwa kawaida hutoka katika pipa la kiwandani, lililonunuliwa au kuibwa na mtu anayetaka kuongeza ukali wa kinywaji bila kungoja kichache. Huyo ndiye mgema wa siku hizi.

Methanoli yenyewe haimdhuru mnywaji sana kuliko ethanoli. Sumu hutengenezwa na mwili. Katika ini kuna vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mageuzi ya kikemia. Kimeng'enya cha kwanza, kilekile kinachoshughulikia ethanoli, huigeuza methanoli kuwa fomaldehidi. Cha pili huigeuza fomaldehidi upesi kuwa asidi ya fomiki. Watu wa pwani waijua asidi hii kwa ngozi zao: ndiyo inayorushwa na sisimizi wa miembe na mikarafuu waitwao maji moto. Mwilini asidi hiyo huingia katika mitokondria, viwanda vidogo ndani ya kila chembe hai vinavyotumia oksijeni kutengeneza nguvu, na kukizuia kimeng'enya cha mwisho katika mtambo huo. Oksijeni ipo, damu inapita, lakini chembe haziwezi kuitumia. Chembe zenye kazi nyingi kuliko nyingine hufa kwanza, nazo ni nyuzi za neva ya jicho mahali zinapotoka nyuma ya mboni, pamoja na sehemu fulani za ndani ya ubongo.

Ukweli huo ulichelewa kujulikana kwa sababu ya panya. Panya wa maabara walipewa methanoli kwa miaka mingi na hawakupofuka, hata wataalamu wengine wakadhani kwamba kinachopofusha ni uchafu uliochanganyika nayo. Mwaka 1955 A. P. Gilger na A. M. Potts walifanya majaribio kwa nyani, na dalili zikafanana na za binadamu. Katika miaka ya 1970 T. R. Tephly na wenzake walionyesha kwamba ini la panya huiteketeza asidi ya fomiki haraka, kwa msaada wa vitamini iitwayo folati, hali ini la binadamu na la nyani huiteketeza polepole. Walionyesha vilevile kwamba chumvi ya asidi hiyo, ikiingizwa peke yake katika damu ya nyani, huivimbisha neva ya jicho. Aliye dhaifu kwa lishe, mwenye folati kidogo, ana kinga ndogo zaidi. Na walevi wengi ndivyo walivyo.

Kwa kuwa sumu hutengenezwa taratibu, mtu aliyekunywa methanoli huona kama amelewa tu. Hulala, huamka, pengine huenda kazini. Baada ya saa 12 hadi 24 huanza kuumwa kichwa na tumbo, kutapika na kuhema kwa nguvu, kwa maana damu imekuwa na asidi. Kisha macho. Vitabu vya Ulaya huandika kwamba mgonjwa huona kana kwamba amesimama katika uwanda wa theluji. Mtu wa Usambara angesema ni ukungu wa asubuhi usioondoka. Mboni hutanuka na hazisinyai zikimulikwa kwa tochi. Kiasi cha mililita 10 tu za methanoli safi, yaani vijiko viwili vya chai, kimepata kusababisha upofu, ingawa watu hutofautiana mno. Huko Atlanta, Marekani, mwaka 1951, watu 323 waliokunywa wiski ya magendo walifika hospitalini katika siku chache. 41 walifariki, na baadhi ya waliopona hawakuwa wamekunywa kidogo kuliko waliokufa.

Saa hizo za utulivu ndizo zenye matumaini. Kimeng'enya cha kwanza ni kama mlango mmoja wenye watu wawili wanaotaka kuingia, na ethanoli hupendelewa mara 10 au zaidi kuliko methanoli. Mlango ukishikwa na ethanoli, methanoli hubaki nje ikiwa haijageuka sumu, mpaka itolewe polepole kwa mkojo na pumzi au kwa mashine ya kusafishia damu. Kwa sababu hiyo ethanoli hutumika hospitalini kama dawa, kwa kipimo kinachoangaliwa kila saa. Ipo dawa nyingine, fomepizoli, inayoufunga mlango huohuo bila kulevya. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2013, lakini bei yake imeiweka mbali na hospitali nyingi za wilaya. Pamoja na hizo mgonjwa hupewa bikaboneti ya kuipunguza asidi ya damu, na folati ya kulisaidia ini kuiteketeza asidi ya fomiki. Mlango ukifungwa, methanoli huhitaji siku mbili au zaidi ili ipungue kwa nusu. Kwa hiyo tiba si ya saa moja, na kumpa mgonjwa chupa ya konyagi nyumbani kisha kumlaza si tiba: huichelewesha sumu mpaka usiku wa manane, wakati hakuna mtu macho, na huficha dalili ambazo daktari angeziona.

Kuchelewa huko huleta jambo jingine ambalo wahudumu wa zahanati wanapaswa kulikumbuka. Katika kundi lililokunywa pamoja, aliyechanganya na bia nyingi ya kawaida huwa mzima zaidi siku ya kwanza, kwa sababu ethanoli ya bia imeushika mlango. Yeye ndiye anayewapeleka wenzake hospitali, na yeye ndiye anayerudishwa nyumbani bila kupimwa. Siku ya pili au ya tatu ndipo anapoanza kulalamika kwamba taa za nyumbani zimefifia.

Hakuna kipimo cha nyumbani cha kuitambua methanoli. Desturi ya kuwasha kinywaji kijikoni ili kutazama rangi ya moto haitoi jibu, kwa kuwa ethanoli na methanoli zikichanganyika moto wake hautenganishiki kwa macho. Harufu na ladha vilevile. Kinachomfaa daktari ni chupa yenyewe, pamoja na mabaki yaliyomo, na majina ya wote waliokunywa humo, hata wale wanaosema hawaumwi popote. Baada ya hapo hutegemea saa ngapi zimepita. Wengine huanza kuona vizuri katika siku za kwanza, na sehemu yao hubaki hivyo. Wengine hupata nafuu kwa muda, kisha nuru hufifia tena katika wiki zinazofuata, na daktari akilitazama jicho kwa chombo chake hukuta kichwa cha neva, kilichokuwa na rangi ya waridi, kimekuwa cheupe kama chaki.